Miguu ya Baiskeli

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijifichi. Mtu akiisifu kanga yangu, nikifika nyumbani huivua nikaikagua pindo hadi pindo. Jirani akiniletea bakuli la mchuzi bila ya sababu, mimi huitafuta sababu kabla sijautia ulimini. Mama yangu alikuwa hivyo, na nyanya yangu alimpita mama, na kwetu Msambweni tabia hiyo haikuitwa ubaya. Iliitwa kuwa macho.

Mume wangu alikuwa kinyume changu. Alikuwa mchuuzi wa samaki. Kila alfajiri alikwenda Bodo, akapakia tenga nyuma ya baiskeli, akapiga mbio hadi Ukunda kabla jua halijawafikia samaki wake, kisha akarudi nyumbani. Akifika msikitini huiegemeza baiskeli ukutani bila ya kufuli, akaswali kwa raha zake. Nilimwonya mara ngapi sijui. Jibu lake lilikuwa lile lile, kwamba ni nani atakayemwibia na watu wote wanaijua baiskeli yake. Nami husonya nikaingia jikoni.

Nguvu za miguu alizipata kwa njia hiyo, kwa kushindana na samaki wasioze. Vijana wa Gazi walikuwa wakimvizia barabarani wapimane naye, na aliwaacha, tenga likiwa nyuma. Bendera ilipobadilika, Mzungu mmoja wa Diani aliyekuwa mteja wake aliamua kurudi kwao, na baiskeli yake ya mashindano, ile yenye mikono iliyopinda chini kama pembe za kondoo, akamwachia mume wangu. Ndugu yangu ndiye aliyeifungua yote, akaisafisha na kuifunga upya. Huyo ni ndugu yangu wa mwisho, na alikuwa fundi wa baiskeli pale sokoni. Nilimlea mimi mama alipofariki, nikambeba mgongoni hadi akawa mzito kunishinda. Yeye na mume wangu walikuwa shemeji huku shemeji kule, wakikaa mpaka chai inapoa wakizungumza cheni na spoki, na mimi sikuelewa hata neno moja. Sikuwahi kupanda baiskeli maishani mwangu. Wanawake wa rika langu hatukupanda.

Mwaka wa pili wa uhuru ikatangazwa kwamba kutakuwa na mbio za baiskeli za siku nne katika pwani yetu hii ya kusini. Siku ya kwanza kutoka Likoni hadi Msambweni. Ya pili kutoka Msambweni hadi Lunga Lunga na kurudi. Ya tatu kutoka Msambweni kupanda hadi Kwale. Ya nne kuteremka kutoka Kwale hadi Likoni, na hapo mwisho. Mume wangu alinieleza kwamba mshindi si yule anayetangulia siku moja. Muda wa siku zote nne hujumlishwa, na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa hodari siku tatu, akaanguka siku ya nne, na kazi yote ikawa bure.

Wakubwa walisema mshindi atapelekwa Nairobi, aungane na wale watakaoiwakilisha nchi ugenini, katika mbio ndefu zaidi za namna hiyo hiyo. Nafasi ilikuwa moja tu kwa pwani yote. Mume wangu hakuwa mtu wa kutaka vitu. Tangu anioe sikuwahi kumsikia akisema anataka kitu, hata chakula alikula nilichopika. Lakini jioni ile aliniambia, "Kombe wampe wamtakaye. Mimi nataka ile nafasi." Aliniambia akitazama chini, kwa haya. Nilimwonea huruma, na hapo hapo nikaanza kuogopa.

Niliwaogopa watu. Nani angemwacha mchuuzi wa samaki aende ugenini? Palikuwa na mpanda baiskeli mmoja wa Bongwe, kijana mrefu, mpole mno, na upole wa namna ile mimi siuamini. Palikuwa na mwamuzi, mtu wa bara, aliyevaa saa mbili, moja kila mkono. Saa mbili za nini? Mume wangu alisema moja ni ya akiba. Sikuridhika. Na palikuwa na majirani walioanza kuja kumsifu, mmoja baada ya mwingine, wakiitazama ile baiskeli kwa macho makavu na kusema mashaallah kwa ncha ya ulimi.

Basi nikapika mafuta ya nazi, nikayatia chupani, nikampelekea mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani, mtu mzima mcha Mungu. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba mume wangu anaingia katika mbio na macho ya watu ni mengi. Aliyasomea mafuta, akayapulizia, akanirudishia chupa. Aliniambia, "Asubuhi kabla ya safari, paka miguu."

Njia nzima nililifikiri neno hilo. Kwetu gurudumu ni mguu. Gari lina miguu minne, mkokoteni una miguu miwili, na baiskeli ikitoboka husemwa mguu umeingia mwiba. Nikajiambia, mtu aliye juu ya baiskeli hakanyagi chini. Kinachokanyaga chini ni mguu wa baiskeli, na jicho la hasidi litauangukia huo. Nikajiona nimeelewa mpaka ndani. Mume wangu sikumwambia kitu, maana angecheka. Asubuhi ya siku ya kwanza, alipokwenda kuoga, nilichukua kitambaa nikapaka. Mpira ulikuwa umejaa vumbi, haukushika mafuta, basi nikapaka kile chuma kinachoubeba mpira, pande zote mbili, mbele na nyuma. Kiling'aa, na nyumba nzima ikanukia.

Wewe unayesoma labda umekwisha jua. Mimi nakwambia tena, sikuwahi kupanda baiskeli.

Alipakia baiskeli yake kwenye lori kwenda Likoni, na alasiri nikenda kumngoja barabarani Msambweni pamoja na watu wengine. Alifika wa tatu. Goti lilikuwa limechunika hadi nyama nyeupe, na shati lote limekuwa jekundu kwa vumbi. Kwenye daraja la Mkurumudzi alitaka kupunguza mwendo, breki zikachelewa, akamgonga kwa nyuma yule kijana wa Bongwe, wakaanguka wote wawili. Nilimwambia kwamba kijana yule alimkatiza kwa makusudi. Akasema la, yeye ndiye aliyemgonga kijana wa watu. Nikasema hujaona tu. Akasema ajali haina kinga. Moyoni nikasema kinga ninayo mimi, na kama si kinga hiyo leo ungevunjika shingo.

Ndugu yangu akaichukua baiskeli alasiri ile ile, akabadilisha raba za breki, akairudisha kabla ya magharibi. Asubuhi ya pili niliamka kuswali alfajiri, nikapaka tena, na safari hii niliongeza.

Siku ya pili walikwenda Lunga Lunga, ambako palikuwa na pipa katikati ya barabara, na kila mmoja alitakiwa alizunguke pipa hilo arudi alikotoka. Wenzake walipunguza mwendo, wakazunguka. Yeye alibana breki, baiskeli ikaendelea. Alilikwepa pipa, akaanguka kwa ubavu, ngozi ya nyonga ikabaki kwenye murram ya barabara. Aliinuka akawafukuza kwa hasira kiasi kwamba jioni, muda ulipojumlishwa, alikuwa wa pili, nyuma ya yule wa Bongwe kwa dakika chache. Alisema dakika hizo angezirudisha kwenye mlima wa Kwale. Alichokiogopa ni kuanguka tena. Kila anapoanguka, alisema, mwili husahau kidogo namna ya kuthubutu, na kwenye kona mtu huanza kujiuliza. Nilikuwa nikimwosha kidonda kwa maji ya chumvi.

Hapo ndipo nilipoanza. Nilimuuliza breki zina nini. Akasema hajui, raba ni mpya. Nikasema raba mpya tangu jana, na leo zinashindwa kushika, je, ni nani aliyezitia? Akasema nisiseme upuuzi, yule ni nduguyo. Nikamjibu kwamba kwa sababu ni ndugu yangu ndiyo maana namjua. Nikamwambia kwamba siku mbili kabla ya mbio nilimwona yule wa Bongwe pale kwenye kibanda cha ndugu yangu, wakicheka, na kijana yule akampa sigara. Mume wangu akasema fundi hutengeneza baiskeli ya kila mtu. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilisema taratibu, nikifuta damu, nikirudia, na maneno yanayosemwa na mwanamke anayemwosha mtu kidonda huingia ndani kuliko mengine. Mara ya kwanza alinikemea. Mara ya pili aligeuza uso. Mara ya tatu akaniuliza ile sigara alipewa saa ngapi, na nikajua limeshika.

Sikuwa nimekwisha kuliamini mwenyewe. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Nilikuwa nalijaribu tu, kama mtu anavyojaribu kanga dukani kabla hajainunua.

Aliinuka, akachechemea hadi sokoni, nami nyuma yake. Ndugu yangu alikuwa ameinama juu ya baiskeli ya mtu, akafurahi kutuona, akauliza shemeji kidonda kinaendeleaje. Mume wangu alimwambia mbele ya wateja, "Usiiguse tena baiskeli yangu." Ndugu yangu akauliza amefanya nini. Mume wangu akasema, unajua. Ndugu yangu akanitazama mimi, kama alivyokuwa akinitazama alipokuwa mdogo watoto wenzake wanapomsingizia. Nikajitia kuikunja kanga yangu vizuri kichwani.

Asubuhi ya siku ya tatu niliyamaliza mafuta yote yaliyokuwemo chupani. Na siku hiyo hakuanguka. Njia ya Kwale ni ya kupanda, na anayepanda mlima hana haja ya breki. Aliwaacha wote tangu Ng'ombeni, akafika juu peke yake, na muda ulipojumlishwa akawa wa kwanza. Dereva wa lori la maji ndiye aliyeniletea habari. Nilipiga vigelegele uani peke yangu. Nikaona kila kitu kimejieleza chenyewe. Fundi amekatazwa kuigusa baiskeli, na mume wangu ameshinda, sasa mtu akitaka ushahidi mwingine ni upi? Wapanda baiskeli wote walilala Kwale siku hiyo, na nilishukuru kwamba mume wangu yuko mbali na kibanda cha ndugu yangu.

Alasiri ndugu yangu akabisha hodi. Alikuja kuchukua spana zake alizoziacha ukumbini kwetu, na alisema hivyo hivyo, kwamba amefuata spana tu, hakuja kuzungumza. Nilimwonyesha kwa kidole zilipo. Alipoinama kuzichukua akakaa hapo chini muda mrefu. Ukutani, mahali mume wangu alipozoea kuiegemeza baiskeli, palikuwa na mistari miwili iliyolowa. Akagusa kwa kidole, akanusa.

"Dada, nani amepaka mafuta hapa?"

Nilimwambia sikupaka ukuta, nimepaka miguu ya baiskeli, na nilimwambia kwa majivuno, nikamweleza na mwalimu na kisomo, ili ajue kwamba hila zake zina dawa. Akauliza mwalimu alisema miguu ipi. Nikasema miguu ni miguu. Akauliza tena, polepole, kama mwalimu alisema miguu ya baiskeli au alisema miguu tu. Alisema miguu tu, nikamjibu.

Aliketi sakafuni. Alinieleza kama unavyomweleza mtoto, kwamba breki ni raba mbili zinazokibana kile chuma, na chuma kikiwa na mafuta hakuna kinachobanwa. Alisema siku ile ya kwanza aliukuta uchafu mzito kwenye chuma, akadhani ni grisi ya cheni iliyoruka kwa ule mwanguko, akaufuta, na hakufikiri zaidi. Kisha akasema jambo ambalo mimi nilikuwa sijalifikia bado. "Kesho wanateremka."

Nilimwomba aende Kwale wakati ule ule. Akasema hawezi. Akionekana karibu na baiskeli ile, mume wangu atajua amekuja kummaliza, na watu watampiga. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na ningefurahi kama angenilaumu. Aliingia jikoni kwangu, akachunga majivu ya jikoni kwa kitambaa mpaka yakawa laini, akayafunga, akaniongezea ndimu nne. Alinifundisha nisugue chuma kwa ndimu, kisha kwa majivu, kisha nifute kwa kitambaa kikavu, mara mbili kila upande.

"Nenda wewe," akasema. "Wewe atakuamini."

Nilipanda lori la mbata baada ya alfajiri, nikashuka penye njia panda ya Kwale, nikapata lori jingine la kokoto kupanda juu. Nilifika jasho likinitoka. Wapanda baiskeli walikuwa wamekwisha kupangwa mstari kwenye kiwanja mbele ya ofisi za serikali, watu wamejaa, bendera mpya inapepea, na yule mwamuzi wa saa mbili anapita akizitazama saa zake. Mume wangu alikuwa mbele kabisa kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza. Uso wake ulikuwa umekaza. Sikuwahi kumwona hivyo. Alikuwa ameishika baiskeli kwa mikono yote miwili, na mtu akipita karibu alikuwa akiivuta kwake.

Nilimwita pembeni, mwamuzi akakataa, akasema hakuna kutoka mstarini. Basi nikamwambia sikioni. Nilimwambia mimi ndiye niliyepaka mafuta magurudumu, si ndugu yangu, breki hazitashika, aningoje kidogo tu nisugue. Nikachutama penye gurudumu la mbele, nikafungua kile kifurushi.

Hapo ndipo nilipoyaona majivu yangu kwa macho ya watu. Kwa fundi wa baiskeli ni majivu ya kusugulia chuma. Lakini mwanamke amekuja mbio asubuhi, akamnong'oneza mtu, akachutama akafungua kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake mna majivu na ndimu nne. Pwani hii nani hajui vitu hivyo vinakwenda wapi? Mpanda baiskeli aliyekuwa kando alirudi nyuma, na wa pili akarudi pia. Mama mmoja akauliza kwa sauti, yule ana nini mkononi.

Mume wangu alinishika kifundo cha mkono. Akaniuliza nani amenipa.

Ningesema nimeyatoa jikoni kwangu, na ingekuwa kweli nusu. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo, nilitaka siku hiyo niseme kweli tupu. "Ndugu yangu," nikasema.

Akaachia mkono wangu kama ameshika kaa la moto. Nilimwambia ajaribu breki aone mwenyewe. Akabana pale pale aliposimama, na baiskeli haikwenda popote, kwa kuwa ilikuwa imesimama. Akanitazama. Nimetazamwa kwa macho mabaya maishani mwangu, lakini si kama yale.

"Amekutuma," akasema. "Damu ni damu. Usiiguse baiskeli yangu."

Nililia mbele ya watu, mimi ambaye sikuwahi kulia hata mazishini. Nilimshika shati, wanaume wawili wakaniondoa, kitambaa kikaanguka na majivu yakamwagika. Wapanda baiskeli waliobaki wakaziinua baiskeli zao juu wasiyakanyage. Mwamuzi akapuliza firimbi.

Walisema alikuwa mbele ya wote aliposhika mteremko. Walisema kona ya kwanza aliipita kwa kuburuta kiatu chini, na watu walioiona walidhani ni ufundi. Kona ya pili ilikuwa kali. Alikwenda moja kwa moja mtaroni, mkono ukavunjika mahali pawili na mfupa wa bega ukatoka. Yule kijana wa Bongwe ndiye aliyemfikia kwanza. Alishuka, akaiondoa baiskeli juu yake, akamlaza vizuri, akangoja hadi gari la msaada lilipotokea juu ya mlima, kisha akapanda yake akaenda. Na bado alifika Likoni akiwa mshindi, akapewa ile nafasi. Mpaka leo namtafutia ubaya mtu yule sijaupata, na nimejaribu.

Ndugu yangu aliposikia aliuza vifaa vyake vyote siku tatu baadaye, akavuka mpaka kwenda Tanga. Wateja walikuwa wamekoma kumletea baiskeli. Hakuniaga. Kuchamba kwingi huondoka na mavi, shangazi yangu alinipiga kwa methali hiyo mbele ya wakwe zangu.

Hospitalini nilikwenda kila siku na chupa ya uji. Mume wangu alikuwa akinywa kwa mkono wa kushoto, uso ukielekea ukutani, nami nikaondoka na chupa tupu. Hatukuzungumza zaidi ya salamu. Ndipo siku moja nikamkuta ameugeuza uso mlangoni, ananingoja.

Aliniambia yule wa Bongwe alikuja kumtazama kabla ya kwenda Nairobi. Alimwambia kwamba siku ile alipoinua baiskeli mtaroni mikono yake ilijaa mafuta, akanukia nazi hadi Likoni, na akauliza kwa nini mtu atie mafuta ya nazi kwenye chuma cha breki. Mume wangu aliyasema hayo akiitazama bandeji ya mkono wake. Madaktari walikuwa wamekwisha mwambia mkono hautanyooka tena sawasawa.

"Kwa hiyo ulikuja kuniambia kweli," akasema.

Nikasema nilikuja kumwambia kweli.

"Mimi nilikuwa mtu nisiyejua kushuku, mke wangu. Hebu niambie, nilijifunza wapi?"

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejibu, maana kujibu hasira nimezoea tangu utotoni. Aliniuliza kama anayetaka kujua, na akangoja jibu. Wagonjwa wa vitanda vya kando walikuwa wakisikiliza. Nilimimina uji kikombeni kwa sababu mikono yangu haikuwa na kazi nyingine. Nikamnyooshea. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, hakukipokea.

Basi nikakirudisha, nikanywa mimi kwanza, mafunda mawili, akiniona. Nilingoja aseme kwamba hakuna haja. Hakusema. Alingoja mpaka nimemeza, ndipo akanyoosha mkono.